Maswali yote mnayoniuliza kuhusu yale makumbusho ya Freemason London, majibu haya hapa

Tangu nirudi Arusha simu haitulii. Nimeulizwa kwenye daladala ya Sakina, nimeulizwa saluni nikiwa nimeinamishwa kichwa, nimeulizwa kwenye kikao cha harusi kule Njiro, na shangazi yangu wa Kibosho kanipigia mara tatu, ya mwisho alikuwa analia. Nimechoka kueleza kipande kipande afu kila mtu anaondoka na kipande chake anaenda kukikuza, kwa hiyo nimeandika yote hapa, ukiona refu ruka uende kwenye swali lako.

Kwani we umejiunga?

Hapana. Naanza na hili maana kila mtu analo, na wengine wananiuliza kwa sauti ya chini kabisa kama vile kuna mtu anasikiliza. Nilikuwa nimeenda kwa dada yangu anayesoma huko, nikapata siku moja ya kuzunguka mwenyewe, nikaingia makumbusho, nikaangalia vitu kwenye makabati ya vioo, nikasoma maelezo, nikatoka. Hamna mtu aliyeniuliza dini yangu wala aliyenipa mkono kwa namna ya ajabu wala aliyenipa fomu. Ni kama wanafunzi wanavyopelekwa Makumbusho ya Azimio la Arusha hapo karibu na mnara wa Mwenge, wanaangalia, wanasoma, wanarudi nyumbani na madaftari yao.

Sasa kwanini uende huko wakati London ina vitu vingi vya kuona?

Nina sababu yangu na ni ya nyumbani kwetu, nimeieleza huko chini kwenye swali la kafara. Sikwenda kwa kushangaa tu, nilitaka kwenda tangu nikiwa mdogo.

Ni wapi hasa na mtu anafikaje?

Mtaa unaitwa Great Queen Street, namba 60, katikati kabisa ya London. Kwa treni ya chini ya ardhi unashuka Holborn au Covent Garden, afu unatembea dakika chache. Huwezi kulikosa jengo, ni kubwa la mawe meupe, kona yake ina mnara mrefu. Linaitwa Freemasons' Hall na ndo makao makuu yao Uingereza, makumbusho yako humo humo ndani. Kutoka huku wengi wanapandia KIA wanapita Addis Ababa, Doha au Amsterdam. Viza ni ile ya kawaida ya matembezi na alama za vidole unaenda kutoa Dar.

Kiingilio bei gani?

Bure. Niliuliza mara mbili maana sikuamini. Ila siku na saa za kufungua angalia kwenye tovuti yao kabla hujatoka, jengo linakodishwa pia kwa hafla na kuna siku wanafunga baadhi ya sehemu. Ile ziara ya kuongozwa mpaka kwenye ukumbi mkubwa inapangwa peke yake, usifike tu ukategemea utaingizwa.

Wanaruhusu mwanamke? Mweusi je?

Wote. Nilikuta wamama wazee, wanafunzi, wazazi na watoto, na familia moja inaongea Kiyoruba. Ukiniuliza uanachama hiyo ni habari nyingine: Loji Kuu ya Uingereza (loji ni tawi lao, Loji Kuu ndo inayozisimamia) inachukua wanaume tu, lakini wanawake wana vyama vyao vya Freemason huko huko Uingereza tangu 1908, na Ufaransa kuna kimoja kilichoanza 1893 kinachochanganya wanaume na wanawake, mwanzilishi wake mmojawapo ni mwanamke, Maria Deraismes. Nilivyomwambia hivyo mama mmoja hapa Ngarenaro alikataa kabisa, kwake Freemason ni mwanaume mwenye suti nyeusi na gari jeusi basi.

Ndani kuna nini?

Hapa mniruhusu niende taratibu.

Cha kwanza utakachokutana nacho ni vifaa vya fundi. Mwiko, timazi, pimamaji, skwea, bikari, nyundo, patasi. Vile vile unavyovikuta kwenye ndoo ya fundi yeyote anayejenga huko Muriet, ila hivi vingine vimetengenezwa kwa fedha na pembe za ndovu kwa ajili ya sherehe. Ile alama inayotisha watu, ya bikari na skwea zimekaa zimekabiliana, ni vifaa viwili vya kazi basi, skwea inakuhakikishia kona iko sawa na bikari inachora duara. Wao wamevigeuza kuwa mafundisho ya tabia, yani skwea inamkumbusha mtu awe mnyoofu kwa wenzake, bikari inamkumbusha ajiwekee mipaka, pimamaji inamwambia binadamu wote wako sawa.

Afu kuna eproni. Eproni nyingi mno. Asili yake ni ile ngozi aliyokuwa anavaa mchonga mawe ili vipande visimchome tumboni. Nyumbani tunawajua wachonga mawe, nyumba ngapi za Arusha na Moshi zimejengwa kwa mawe ya kuchonga, unawakuta wamekaa kwenye jua wanagonga siku nzima na gunia wamefunga kiunoni. Ile ya Freemason mpya ni nyeupe tupu ya ngozi ya mwanakondoo, ukipanda ngazi inaongezwa rangi na mapambo. Wameweka mpaka eproni ya Winston Churchill, yule waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita ya pili, aliingia 1901 akiwa kijana.

Kuna kiti kikubwa kilichopakwa dhahabu ambacho mtu mzima akikaa miguu inaning'inia. Kilitengenezwa 1791 kwa ajili ya mtoto wa mfalme ambaye ndo alikuwa Mkuu wao, baadae akawa mfalme George wa Nne. Watu wote wanaogopa kile kiti wakiona picha wanasema kiti cha enzi cha kuzimu, lakini ni kiti tu cha mtu mnene aliyekuwa anapenda makuu.

Kilichonigusa sana ni kabati dogo la vitu vya mateka. Wanajeshi wa Kifaransa waliotekwa kwenye vita vya Napoleon wakafungwa Uingereza, humo humo kifungoni wakawa wanachonga medali za Freemason kwa mifupa ya nyama waliyokula, kazi nyembamba kabisa. Nilisimama pale muda mrefu nikawaza mtu yuko kifungoni nchi ya adui, ana mfupa na kisu, na kitu anachoamua kuchonga ni skwea na bikari.

Na jengo lenyewe ni sehemu ya maonyesho. Lilijengwa 1927 mpaka 1933 kama kumbukumbu ya Freemason 3,225 waliokufa vita ya kwanza ya dunia, majina yote yameandikwa kwenye karatasi moja ndefu iliyowekwa ndani ya kasha la shaba, na juu yake kuna dirisha la vioo vya rangi. Vita ile ilifika mpaka huku kwetu kwa hiyo nilinyamaza kidogo. Ukumbi mkubwa unakaa watu 1,700 na milango yake ya shaba kila mmoja una uzito wa tani moja na robo.

Ni kweli kuna jeneza na fuvu?

Kuna picha zake, sitawadanganya. Wana mbao za kuchorwa walizokuwa wanafundishia, kila ngazi na mbao yake, na ile ya ngazi ya tatu imechorwa jeneza, fuvu na mifupa. Mi mwenyewe nilirudi nyuma hatua moja nilipoiona.

Lakini soma maelezo yake. Ngazi zao ni tatu na zimetoka kwenye ujenzi: ya kwanza ni mwanagenzi, yani huyu tunayemuita saidia fundi, ya pili ni fundi, ya tatu ni fundi mkuu. Kwenye hiyo ya tatu wanaigiza hadithi ya Hiramu, fundi aliyejenga hekalu la Sulemani, kwamba wafanyakazi watatu walimbana awape siri ya ufundi mkuu akakataa wakamuua. Anayeingia ngazi hiyo anaigiza kama Hiramu, analazwa chini afu anainuliwa. Hiramu fundi wa shaba yupo kwenye Biblia, 1 Wafalme sura ya 7, mtoto wa mjane, ila habari ya kuuawa kwake kwenye Biblia haimo, hiyo ni hadithi yao. Jeneza ni la kuwakumbusha kwamba kuna siku watakufa. Unaweza usilipende, mi bado silipendi, ila si jeneza la mtu.

Hawa watu walianzaje?

Historia wanayoionyesha inaanza na waashi wenyewe, wale waliojenga makanisa makubwa ya Ulaya zama za kati. Kuna shairi la kanuni za waashi la karibu mwaka 1390 ambalo bado lipo, linamwambia fundi alipe wenzake haki yao na asimharibie mwenzake kazi. Scotland mwaka 1598 na 1599 zikaandikwa sheria za loji za mafundi. Loji ilikuwa ni banda la kazi pembeni ya saiti, wanaweka vifaa, wanakula, wanapumzika.

Baadae wakaanza kuingia watu ambao si mafundi, wasomi na matajiri. Mmoja anaitwa Elias Ashmole, kwenye shajara yake ameandika kwamba aliingizwa Oktoba 16, 1646 mji wa Warrington, kwa hiyo hakuna hata ubishi wa tarehe. Halafu Juni 24, 1717 loji nne za London zikakutana kwenye baa moja iliyoitwa Goose and Gridiron, jirani na kanisa la St Paul's, wakaunda Loji Kuu ya kwanza duniani na wakamchagua Anthony Sayer awe mkuu. Wapo wanahistoria wanaosema ilikuwa 1721 na si 1717, ila wenyewe 1717 ndo wanayoishika. Mwaka 1723 mchungaji mmoja Mskoti, James Anderson, akawachapishia katiba, na nakala yake ya siku zile utaiona pale. Katiba ilichapwa ikauzwa madukani! Chama cha siri kinachouza katiba yake dukani, nililifikiria hilo jambo mpaka hotelini.

Kwa machalii wa mpira: mtaa huo huo, kwenye tavern ya Freemason iliyokuwa hapo pembeni, Oktoba 26, 1863 ndo walikaa watu wa timu za London wakaanzisha chama cha mpira cha Uingereza, FA. Hawakukutana kama Freemason, walikodi chumba tu, lakini sheria za mpira mnazobishania kila Jumamosi zilianza kupangwa pale.

Siri yao ni nini basi?

Kikubwa wanachoficha ni namna ya kutambuana, yani kushikana mikono kwa namna fulani na maneno fulani ya kila ngazi. Maelezo yao ni kwamba zamani fundi hakuwa na cheti, akifika saiti mpya atajulikanaje ni fundi wa kweli na si saidia fundi anayetaka mshahara wa fundi? Leo una cheti cha VETA, zamani ulikuwa na neno. Na hata hizo siri zimeshachapwa na watu waliotoka tangu karne ya 18, maktaba yao yenyewe inavyo hivyo vitabu vya waliowaumbua. Mi naona hapa ndo walipokosea, kitu kidogo ukikificha miaka mia tatu watu watakijaza chochote wanachokiogopa.

Wanaabudu shetani?

Sharti la kwanza la Loji Kuu ya Uingereza ni uamini Mungu. Kwenye loji wanaweka kitabu kitakatifu, Biblia, au Kurani, au Gita ya Wahindu, kutegemea walioko, na kubishana dini na siasa ni marufuku humo ndani. Grand Orient, chama kikubwa cha Freemason Ufaransa, mwaka 1877 kiliondoa hilo sharti la kuamini Mungu na Waingereza wakakata nacho uhusiano mpaka leo.

Sasa habari ya shetani ilitoka wapi, hii naomba msome vizuri. Ufaransa kulikuwa na mwandishi jina la bandia Leo Taxil. Kuanzia 1885 alijifanya ameokoka akaanza kutoa vitabu kwamba Freemason wanamwabudu Lusiferi, akabuni na msichana eti aliyekuwa kuhani wao akatubu, anaitwa Diana Vaughan. Watu walilia kwa ajili yake, wakamuombea, makasisi wakahubiri habari zake, Taxil akapokelewa mpaka na Papa. Kwenye maandishi yale kuna mpaka shetani anayetokea kwa umbo la mamba na kupiga kinanda, na watu walimeza. Miaka kumi na mbili. Halafu Aprili 19, 1897 akaita mkutano Paris, ukumbi umejaa waandishi na mapadri wanasubiri kumuona Diana, akasimama akasema hakuna Diana, nimetunga yote, akawashukuru kwa kumsaidia kuieneza. Ilibidi polisi wamtoe.

Alikiri mwenyewe hadharani, na bado zile picha na zile sentensi alizotunga ndo zinazunguka leo kwenye magrupu yetu ya familia, za miaka zaidi ya mia, zimetafsiriwa tu.

Na Illuminati? Na lile jicho kwenye dola?

Vitu viwili tofauti. Illuminati ilianzishwa Mei 1, 1776 Ingolstadt, Ujerumani, na profesa mmoja, Adam Weishaupt, mtawala wa Bavaria akaipiga marufuku miaka michache baadae ikafa. Jicho la kwenye pembetatu lilikuwa linachorwa makanisani Ulaya kabla ya hapo, kumaanisha Mungu anaona. Marekani waliliweka kwenye muhuri wao 1782 na kwenye noti ya dola moja 1935.

Kanisa linasemaje? Mi mkatoliki, ni dhambi kwenda?

Kujiunga na kutembelea si kitu kimoja. Kujiunga, kanisa katoliki limekataza tangu Papa Clement wa Kumi na Mbili mwaka 1738, 1983 wakarudia kwamba mkatoliki aliyejiunga yuko katika dhambi kubwa na asipokee komunyo, na Novemba 2023 Vatican ikarudia tena. Na kwa Waislamu, wanazuoni wa fiqhi waliokaa Makka mwaka 1978 nao walikataza. Sasa hayo ni makatazo ya dini na yana hoja zake, viapo, usiri, kuchanganya imani, na mi kama muumini nayaheshimu na sitajiunga. Lakini ukisoma zile sababu hakuna mahali wamesema Freemason wanakunywa damu, hayo tumeongeza wenyewe. Kutembelea nilimuuliza padri wangu kabla sijaenda, akaniambia nenda ukirudi unisimulie.

Waafrika wapo kwenye hiyo historia?

Wapo. Prince Hall, Mmarekani mweusi wa Boston, aliingia Machi 6, 1775 na wenzake weusi kumi na wanne kupitia loji ya wanajeshi wa Kiingereza iliyokuwa chini ya Loji Kuu ya Ireland. Wazungu wa Boston hawakuwataka, akaandika barua London, na mwaka 1784 London wakamkubalia hati ya loji yake mwenyewe, ikaitwa African Lodge. Loji zilizotokana na ile bado zipo Marekani. Na Prince Hall huyo huyo ndo alikuwa anaandika maombi kwa bunge la Massachusetts kutaka utumwa ufutwe na watoto weusi wapate shule. Hii ningependa walimu wa historia waifahamu.

Tanzania wapo?

Wapo na si siri, Dar wana jengo lao Sokoine Drive linajulikana. Aliyekuwa anaongea hadharani zaidi ni marehemu Sir Andy Chande, mfanyabiashara aliyekulia Bukene, Tabora, aliyefariki 2017. Alihojiwa kwenye magazeti na kwenye TV, na maisha yake aliyaandika kwenye kitabu.

Na hapa kuna jambo linatuhusu wana Arusha moja kwa moja. Chande alikuwa Freemason tangu miaka ya 50, familia yake ilikuwa na vinu vya kusaga nafaka. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likatangazwa hapa hapa, siku chache baadae vinu vyao vikataifishwa. Serikali ikamuomba yeye mwenyewe abaki kuliendesha shirika la usagaji la taifa, akakubali. Sasa niambieni, hiyo nguvu ya kuendesha dunia ilikuwa wapi siku vinu vinachukuliwa?

Nguzo ya umeme karibu na kwangu ina tangazo "Jiunge na Freemason upate utajiri", namba ipo. Ni wao?

Si wao. Andika hili kwa kalamu nyekundu kama unaweza.

Freemason haitoi hela kwa mwanachama. Mwanachama ndo anayetoa, analipa ada ya kujiunga, ada ya kila mwaka, michango ya misaada na hela ya chakula. Shule ya wasichana yatima waliyoianzisha 1788, mwanzilishi wake alikuwa daktari wa meno, iliendeshwa kwa michango ya mifukoni mwao, na hili jengo la London wamelichangishana hivyo hivyo, aliyechanga kiasi fulani anapewa medali, na medali hizo nimeziona.

Huyu wa kwenye nguzo na wa kwenye SMS ana mtindo mmoja. Anakupigia kwa sauti ya upole anakuita "ndugu mteule", anakuambia milioni mia ziko tayari, tuma elfu hamsini ya fomu. Ukituma kuna laki mbili ya pete, halafu laki tano ya kusafisha nyota. Ukisema huna anakuambia umeshaandikwa jina ukirudi nyuma utakufa wewe au mtoto, na hapo ndo mtu anauza shamba. Binamu yangu mmoja wa Moshi, boda boda, alituma milioni moja na laki nne kwa vipande ndani ya wiki sita. Akauza pikipiki. Hakumwambia mtu kwa sababu aliamini kweli atakufa, tulimkuta amekonda hali wala halali, anasubiri siku yake. Alikuwa na miaka 23.

Mkiona meseji kama hizo msijibu hata kwa kutukana, ripotini kwenda 15040 ya TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, na mfute. Na ukiwa umeshatuma hela mwambie mtu wa nyumbani leo, hufi.

Na kafara? Si kweli matajiri wanatoa watoto?

Hili ndo lililonipeleka.

Baba yangu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Moshi, Majengo. Saruji, misumari, mabati, koleo. Lilikua vizuri kwa sababu alikuwa anafungua saa kumi na mbili kabla mafundi hawajaenda saiti na alikuwa anawakopesha mafundi mwiko na timazi wamlipe Jumamosi. Mchora mabango akamchorea kibao, na kwa kuwa ni duka la mafundi akamchorea skwea na bikari. Hakuna aliyejua maana nyingine ya ile picha, hata mchoraji hakujua.

Mwaka 1998 mdogo wangu alifariki kwa homa ya uti wa mgongo, ana miaka sita. Alilala hospitali siku nne, mama hakutoka pale. Kwenye msiba watu walikuja lakini wengi hawakula chakula chetu, nilikuwa na miaka kumi na moja nagawa sahani zinarudi zimejaa. Baadae ndo nikasikia shuleni, nikaambiwa baba yako Freemason, kamtoa mdogo wako, na wewe unafuata. Miaka miwili nililala na taa. Mama aliacha jumuiya. Baba alipanda ngazi mwenyewe usiku akaipaka rangi ile picha, ambayo watu nao wakasema anaficha, na duka likafungwa 2001.

Kwa hiyo nilipofika pale London, lile kabati la kwanza, mwiko, timazi, skwea, bikari, nililia mpaka mhudumu akaniletea kiti. Ni vitu vya duka la baba.

Kwenye historia yao yote iliyowekwa pale, sheria, kumbukumbu za vikao, vitabu vya waliowachukia, hakuna sehemu ya kutoa mtoto. Uvumi wa kafara uko tayari kabla yao na ungemkuta mtu yeyote, kwetu tajiri akifiwa lazima atafutiwe sababu. Na uvumi huu umeshatumika kwa mabaya makubwa: Wanazi walizifunga loji za Ujerumani 1935, na Oktoba 1941 Belgrade iliyokuwa chini yao ikafunguliwa maonyesho makubwa ya kuwachafua Freemason na Wayahudi, mabango ukutani, watu wanapelekwa kuangalia waamini, wakati huo huo Wayahudi wa mji huo wanauawa. Kwa hiyo mkisema "tunaongea tu", mi siwezi kucheka.

Naweza kuona hivyo vitu bila kwenda London?

Sehemu kubwa ndiyo. Makumbusho yana orodha ya vitu vyake na picha kwenye tovuti, na magazeti ya zamani ya Freemason yamewekwa mtandaoni bure, unaandika neno unatafuta, ukiandika Zanzibar utashangaa. Ila bando uwe nalo, picha ni nzito.

Inachukua muda gani? Watoto wanaruhusiwa?

Saa moja na nusu hadi mbili inatosha, mi nilikaa nne. Watoto wanaruhusiwa.

Utatuma picha?

Nimeshazichapa kumi na mbili, kwa kuwa mzee hawezi kuangalia simu na macho yake. Nilimpelekea Jumapili iliyopita, alikaa nazo nje kwenye benchi muda mrefu haongei, afu akaniita akanionyesha ile timazi ya fedha, akaniuliza kama uzi wake ni wa pamba au wa katani, sikuwa nimeangalia. Hizo zingine nitaweka kwenye grupu leo jioni nikitoka kazini.